Je, Smuthi ya Matunda Inamfaa Anayepunguza Uzito? Mwongozo Kamili wa Kupima, Kusaga na Kunywa

Asubuhi moja niliweka mizani ndogo ya jikoni kando ya blenda, nikapima kila kitu nilichokuwa nimezoea kukitumbukiza humo kwa miezi kadhaa. Ndizi mbili: kalori 210. Gramu 200 za embe: 120. Kikombe kimoja cha juisi ya machungwa: 112. Vijiko vikubwa viwili vya asali: 128. Vijiko vikubwa viwili vya siagi ya karanga: 190. Gramu 100 za parachichi: 160. Nilipojumlisha nikapata kalori 920, na jagi lile nilikuwa nikilinywa pamoja na kifungua kinywa, halafu nashangaa kwa nini mizani ya bafuni haishuki.

Ndani ya jagi lile hakukuwa na kitu kibaya. Kila kiungo, ukikichukua peke yake, ni chakula kizuri chenye virutubisho. Kosa lilikuwa kwamba nilikiita kinywaji, na kinywaji huwa hatukihesabu. Kwa hiyo jibu la swali hili ni ndiyo, smuthi inaweza kukaa vizuri ndani ya mpango wa kupunguza uzito, ila kwa sharti moja: ihesabiwe kama mlo, ipikwe kama mlo na ichukue nafasi ya mlo. Hatua zilizo hapa chini zinaeleza namna ya kulitimiza sharti hilo.

Kinachotokea tunda likisagwa

Kabla ya kushika kisu, elewa kwanza kwa nini tunda la kunywa halishibishi sawasawa na tunda la kutafuna. Wengi husema blenda "inaua" nyuzinyuzi. Si kweli. Mashine ya kukamua juisi huacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi kwenye makapi, lakini blenda huzikatakata tu na kuziacha ndani ya glasi. Kinachobadilika ni umbile la tunda na kasi ya kulimaliza.

Mwaka 1977, jarida la Lancet lilichapisha jaribio ambalo hadi leo ni zuri kwa kulielewa jambo hili. Watu walipewa tufaha zima, tufaha lililopondwa, na juisi ya tufaha, vyote vikiwa na kiasi sawa cha wanga. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima, na mara 4 kuliko yale yaliyopondwa. Tufaha zima lilishibisha zaidi, lililopondwa likafuata, juisi ikashika mkia. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa vyote vitatu, lakini baada ya juisi ilishuka ghafla, baada ya tufaha lililopondwa ikashuka kwa kiasi kidogo zaidi, na baada ya tufaha zima haikuporomoka. Mtu aliyewahi kunywa glasi ya juisi saa mbili asubuhi na kuona njaa imerudi kabla ya saa nne anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walirudi kwenye tufaha hilohilo. Waliokula vipande vya tufaha kabla ya chakula cha mchana walipunguza kalori za mlo huo kwa asilimia 15, zikiwemo za tufaha lenyewe, kuliko siku ambayo hawakula chochote kabla. Lililopondwa lilisaidia kidogo, juisi haikufika hata hapo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walipoongeza nyuzinyuzi ndani ya juisi, bado haikushibisha kama tunda. Kwa hiyo usidhani kijiko cha unga wa nyuzinyuzi kitaigeuza juisi kuwa chakula. Kutafuna kwenyewe kuna kazi yake.

Upande wa pili una habari njema, nami nisingependa kuuficha. Utafiti mdogo wa mwaka 2022 kwa vijana wenye afya ulionyesha kwamba tufaha na beri nyeusi (blackberry) zilizosagwa pamoja zilipandisha sukari ya damu kwa kiwango cha chini kuliko zilipoliwa nzima. Maelezo yanayotolewa ni kwamba visu vya blenda hupasua mbegu ndogondogo na kutoa nyuzinyuzi, mafuta na protini zilizojificha ndani yake. Kwa hiyo smuthi ya matunda yenye mbegu laini, isiyochujwa, si adui wa sukari ya damu kama wengi wanavyotishwa. Ila shibe ni jambo jingine, na anayepunguza uzito anapigana zaidi na njaa.

Hatua ya kwanza: amua inachukua nafasi ya nini

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ukiikosa nyingine zote hazitakusaidia. Kabla hujanunua hata tunda moja, jibu: smuthi hii inaondoa nini kwenye sahani yangu?

Uzito hupungua pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko unayoingiza. Wataalamu wengi hupendekeza upungufu wa takriban kalori 500 kwa siku, kiasi ambacho kwa watu wengi huleta mteremko wa karibu nusu kilo kwa wiki hapo mwanzoni. Sasa chukua smuthi ya kalori 300 uiongeze juu ya milo yako ya kawaida bila kuondoa kitu. Umekula zaidi ya nusu ya upungufu wako wa siku. Kwa wiki nzima ni kalori 2100 zilizoingia kwa jina la afya.

Kuna nafasi mbili tu ninazozipendekeza. Ya kwanza ni mahali pa kifungua kinywa au chakula cha mchana, hasa kwa mtu ambaye vinginevyo angeondoka nyumbani bila kula kisha akaishia kwenye vitumbua na soda. Ya pili ni mahali pa vitafunio vya alasiri, ikiwa ndogo. Smuthi ya baada ya chakula cha usiku, ile ya "kufungia siku", iache kabisa. Saa hizo mwili hauna njaa, una hamu tu, na hamu ya kitu kitamu ikipewa jagi zima itarudi kesho kwa saa ileile.

Jingine: mlo mmoja kwa siku hutosha. Anayegeuza milo yote mitatu kuwa smuthi huona mizani ikishuka haraka wiki ya kwanza, sehemu kubwa ikiwa ni maji na chakula kilichopungua tumboni, kisha anachoka, anapoteza misuli kwa kukosa protini, na uzito unarudi. Mpango wowote unaoahidi "kusafisha sumu" kwa siku saba za kunywa matunda uukwepe. Ini na figo ndizo zinazofanya kazi hiyo, kila siku, bila kuhitaji jagi.

Hatua ya pili: weka kikomo kwa namba

Smuthi inayochukua nafasi ya mlo iwe kati ya kalori 250 na 400. Ya vitafunio isizidi 150 hadi 200. Mlo uwe na protini isiyopungua gramu 20 na nyuzinyuzi gramu 6 hivi au zaidi. Ziandike namba hizi kwenye karatasi na uzibandike mlangoni pa friji.

Halafu nunua mizani ya jikoni, au angalau tumia kikombe kimoja kilekile na kijiko kilekile kila siku. Kukadiria kwa macho hutudanganya sote, na hudanganya zaidi kwenye vitu vizito kama siagi ya karanga, ambapo "kijiko" cha mlimani kinaweza kuwa viwili vya bapa. Si lazima upime maisha yako yote. Pima wiki tatu za mwanzo mpaka jicho lizoee, kisha rudia mara mojamoja kuhakiki.

Hatua ya tatu: matunda, gramu 150 hadi 200 basi

Hapa ndipo watu hushangaa, kwa sababu smuthi ya matunda inaonekana ingepaswa kujaa matunda. Jiulize hivi: ungeketi ukala ndizi mbili, embe, chungwa na kipande kikubwa cha nanasi kwa mkao mmoja? Wengi wetu tungeishia kwenye tunda la pili. Kipimo changu ni hicho. Nisichoweza kukimaliza kwa kutafuna, sikisagi.

Kwa kila gramu 100 za sehemu inayoliwa, tikitimaji lina kalori takriban 30, stroberi 32, papai 43, chungwa 47, nanasi 50, tufaha 52, embe 60, pera 68, ndizi 89, pasheni 97 na parachichi 160. Usiisome orodha hii ukadhani tikitimaji ni zuri na pasheni ni baya. Pasheni ina nyuzinyuzi takriban gramu 10 kwa kila gramu 100 ukiimeza na mbegu zake, na pera ina zaidi ya 5, ilhali tikitimaji halifiki hata 1. Ukichuja mbegu za pasheni kwenye chujio umetupa sehemu iliyokuwa ikifanya kazi, umebaki na sukari na harufu nzuri.

Mchanganyiko ninaoupenda ni tunda moja tamu kwa kiasi kidogo na moja jepesi au chachu kwa kiasi kikubwa. Nusu ndizi huifanya smuthi iwe nzito na laini na huleta utamu wa kutosha, kisha stroberi au papai hujaza. Ndizi mbivu sana huwa tamu zaidi kwa sababu wanga wake umegeuka sukari, hivyo hutahitaji kuongeza kitu kingine, na kalori zake hazibadiliki sana. Imenye, ikate vipande, igandishe kwenye friza. Matunda yaliyogandishwa hayana upungufu wa maana wa virutubisho na yanaifanya smuthi iwe nzito vizuri bila kuongeza chochote.

Matunda makavu ni hadithi nyingine. Tende moja kubwa ina kalori kama 66, na gramu 100 za zabibu kavu zinakaribia 300. Maji yametoka, sukari imebaki. Weka tende moja ukipenda, lakini ihesabu.

Kwa wapendao undani: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzao wa Reading, Uingereza, waligundua kwamba kimeng'enya kilicho ndani ya ndizi, kilekile kinachoifanya iwe nyeusi ikikatwa, kilipunguza kwa asilimia 84 kiasi cha flavanoli kilichoingia mwilini. Flavanoli ni viambato vinavyopatikana kwenye matunda kama zabibu, tufaha na jamii ya beri, na vinahusishwa na afya ya moyo. Kwa uzito jambo hili halina athari, ila kama unanunua beri kwa ajili ya flavanoli, zisage na embe, chungwa au mtindi badala ya ndizi.

Hatua ya nne: protini, nguzo inayosahauliwa

Kama ungeniruhusu kukubadilishia kitu kimoja tu kwenye smuthi yako, ningeongeza protini. Ndiyo kirutubisho kinachoshibisha kuliko wanga na mafuta, na ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unapungua. Smuthi ya matunda matupu huwa na gramu 2 au 3 tu za protini, kiasi kidogo mno kwa mlo.

Mtindi mzito uliochujwa, usio na mafuta wala sukari, una takriban gramu 10 za protini na kalori 60 hivi kwa gramu 100. Gramu 200 zake peke yake zinakufikisha kwenye lengo. Maziwa yana gramu 8 kwa kikombe cha mililita 250. Maziwa ya soya yasiyotiwa sukari yanakaribia hapo, wakati maziwa ya lozi, pamoja na kalori zake chache, karibu hayana protini. Unga wa protini ni njia ya haraka: kipimo kimoja hutoa gramu 20 hadi 25 kwa kalori 110 au 120, ila soma lebo, kwani baadhi hujazwa sukari. Hauhitajiki kama mtindi unapatikana.

Yai bichi usiliweke. Hatari ya salmonela ni ya kweli, na mwili hufyonza protini ya yai lililoiva vizuri zaidi kuliko la bichi. Lichemshe ulile pembeni. Utapata pia kitu cha kutafuna.

Tahadhari moja ya jikoni: nanasi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini. Ukivisaga vibichi na maziwa au mtindi na kuacha mchanganyiko ukae, unageuka mchungu. Ama unywe papo hapo, ama uvisage na maji na protini uile kando.

Hatua ya tano: kimiminika

Maji. Barafu. Maziwa ya mafuta kidogo. Chai ya kijani iliyopoa ukipenda. Basi.

Juisi isiwe kimiminika chako kamwe, hata iliyokamuliwa sasa hivi. Kikombe cha juisi ya machungwa huhitaji machungwa matatu hivi, kalori zaidi ya 110, na karibu nyuzinyuzi zote zimebaki kwenye makapi. Tui zito la nazi lina kalori takriban 200 kwa mililita 100. Kijiko kimoja kwa ladha kinatosha.

Hatua ya sita: mboga, mbegu na mafuta

Kiganja cha mchicha, gramu 50, kina kalori 12 tu, na ukisagwa na nanasi au embe ladha yake haionekani, rangi pekee ndiyo itakayokusaliti. Tango huongeza ujazo karibu bila kalori. Gramu 100 zake ni kalori 15. Karoti mbichi inahitaji blenda yenye nguvu, la sivyo utakunywa mchanga.

Mbegu za chia zinastahili sifa zake. Kijiko kikubwa kimoja, gramu 12, kina kalori 58 na nyuzinyuzi gramu 4, na mbegu hizo hunyonya maji na kuwa kama utelezi unaoifanya smuthi iwe nzito. Ziloweke dakika 10 kwanza. Kama hukuzoea nyuzinyuzi nyingi, anza na kijiko cha chai kimoja na unywe maji zaidi, vinginevyo tumbo litajaa gesi.

Mafuta mazuri yanahitajika, lakini chagua kimoja tu kwa kila jagi: ama gramu 50 za parachichi, ama kijiko kikubwa kimoja cha bapa cha siagi ya karanga, ama lozi kumi. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, ya wanga au protini hubeba 4. Ndiyo maana vijiko viwili vya ziada, ambavyo huvioni wala kuvihisi, huweza kulifikisha jagi kwenye kalori za milo miwili.

Kuhusu asali

Nimeitengea asali sehemu yake kwa sababu ndiyo inayotetewa kuliko vyote. Asali ni ya asili, ni kweli, na kijiko chake kikubwa kina kalori 64, zaidi ya kijiko kikubwa cha sukari chenye kalori 50, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu asali, sharubati na juisi za matunda pamoja na sukari ya mezani katika kundi moja la sukari huru, na linashauri kundi hilo lisivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana lishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu wa kalori 2000, asilimia 5 ni gramu 25 tu. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Wanaihesabu hata sukari ya tunda lililosagwa kuwa sukari huru, na ushauri wao rasmi ni kwamba juisi na smuthi kwa pamoja zisizidi mililita 150 kwa siku. Mimi naona kikomo hicho ni kikali kwa smuthi yenye mtindi, mboga na mbegu inayosimama badala ya mlo, lakini kwa smuthi ya matunda matupu kinafaa.

Vitamu visivyo na kalori, vile vinavyotumiwa badala ya sukari, navyo si njia ya mkato. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutovitegemea kudhibiti uzito. Mdalasini, iliki, tangawizi, vanila na maji ya ndimu hufanya kazi nzuri zaidi. Ulimi hauzoei kwa siku moja, lakini ukipunguza kijiko hadi nusu, nusu hadi robo, ndani ya wiki mbili au tatu utaanza kuona ndizi yenyewe ni tamu kupita kiasi.

Hatua ya saba: kusaga

Anza na kimiminika, kisha majani, uzungushe mpaka majani yaishe. Fuatisha mtindi na matunda laini, na vilivyogandishwa na barafu viwe vya mwisho. Ukianza na barafu, visu vitazunguka hewani.

Fanya iwe nzito kiasi cha kusimamisha kijiko, au karibu na hapo. Halafu iongezee sekunde 30 hadi 60 za kuzungusha na barafu ili iumuke. Katika jaribio la mwaka 2000, wanaume walipewa kinywaji cha maziwa chenye kalori zilezile, ila kimoja kilipigwa hewa kikafika mililita 600 na kingine kilikuwa 300. Waliokunywa kile kikubwa walikula asilimia 12 pungufu wakati wa chakula cha mchana. Hewa na barafu havina kalori, na tumbo linaonekana kuuheshimu ujazo.

Hatua ya nane: kunywa, au tuseme kula

Mimina kwenye bakuli. Chukua kijiko. Keti. Nyunyiza juu yake vitu vya kutafuna ulivyovitoa kwenye kiasi ulichopima tangu mwanzo: vipande vya tunda, mbegu kidogo, kijiko cha oti. Tumia dakika 15 hadi 20. Smuthi iliyonyonywa kwa mrija ukiwa umesimama mlangoni huisha ndani ya dakika mbili, kabla tumbo halijaweza kuarifu ubongo kwamba chakula kimefika.

Michanganyiko mitatu ya kuanzia

Ya kifungua kinywa: nusu ndizi iliyogandishwa, gramu 120 za embe, gramu 200 za mtindi mzito usio na mafuta, kijiko kikubwa cha chia, maji mililita 100 na barafu. Inafika kalori takriban 300, protini gramu 23, nyuzinyuzi 7 hivi. Hii ndiyo ninayoirudia mara nyingi, na hunifikisha hadi mchana.

Ya vitafunio: gramu 120 za nanasi, tango gramu 100, mchicha gramu 50, kipande cha tangawizi, ndimu nusu, maji na barafu. Ni kalori 90 tu, haina protini ya maana, kwa hiyo iambatanishe na yai moja la kuchemsha. Jumla inakuwa karibu 170.

Ya mlo kamili au baada ya mazoezi: gramu 50 za parachichi, stroberi gramu 150, mtindi mzito gramu 100, kikombe cha maziwa ya mafuta kidogo na gramu 20 za oti. Kalori karibu 370, protini gramu 23, nyuzinyuzi 8. Usiinywe baada ya mazoezi kisha ukala mlo mwingine nusu saa baadaye. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwa kawaida hautumii hata nusu ya kalori hizo.

Ukinunua nje

Uliza mambo matatu: kimiminika ni nini, imetiwa sukari, sharubati au aiskrimu, na glasi ni ya mililita ngapi. Kama kimiminika ni juisi, omba maji au maziwa. Chukua saizi ndogo kuliko zote. Ya chupa, soma kiasi cha sukari cha chupa nzima, si cha mililita 100, kwani chupa moja mara nyingi huhesabiwa kama vipimo viwili.

Nani aongee na daktari kwanza

Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, asibadili mlo mzima kuwa smuthi bila kupanga na mhudumu wake, na apime sukari saa mbili baada ya kunywa ili aone mwili wake unavyoitikia. Mwenye ugonjwa wa figo aangalie potasiamu: ndizi, machungwa, parachichi na mchicha vina nyingi, na jagi moja linaweza kukusanya kiasi cha kutisha. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti asijaze mchicha kila siku. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze majani mabichi ghafla, kwa kuwa vitamini K hubadili nguvu ya dawa hiyo. Balungi nalo hugongana na dawa kadhaa, zikiwemo baadhi za kupunguza kolesteroli.

Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie smuthi kupunguza uzito. Na kama umewahi kupitia matatizo ya kula, yaani kujinyima kupita kiasi au kula na kujitapisha, nakuomba uache hesabu za kalori zilizo humu na utafute mtaalamu wa kukushika mkono.

Hatua ya tisa: fuatilia wiki tatu

Pima uzito asubuhi, baada ya choo na kabla ya kula, siku tatu au nne kwa wiki, kisha chukua wastani. Namba ya siku moja haisemi kitu; chumvi na maji peke yake huweza kuitikisa kwa kilo nzima. Andika pia saa unayohisi njaa baada ya smuthi. Ikirudi kabla ya saa mbili kupita, usiongeze tunda. Ongeza mtindi gramu 50 au chia nusu kijiko, au rudisha sehemu ya tunda kwenye kutafuna: saga nusu, kula nusu.

Kama wastani haujashuka baada ya wiki tatu, rudi kwenye mizani ya jikoni kabla ya kulaumu mwili. Mara nyingi utakuta ndizi imerudi kuwa nzima, kijiko kimerudi kuwa cha mlimani, au smuthi imehamia pembeni ya mkate badala ya mahali pake. Na kama umepima ukakuta kila kitu kiko sawa lakini njaa bado inakutesa, huenda wewe ni wa wale ambao chakula cha kunywa hakiwashibishi. Katika hali hiyo chukua viungo vilevile, ndizi nusu, embe, mtindi na chia, uvikate kwenye bakuli bila kuvisaga, na blenda uirudishe kabatini.